Watoto Wasioruhusiwa Kukaa Pamoja

Hotuba hii ilitolewa na muuguzi mstaafu katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Viongozi wengi waliomba nakala ili wawasomee wanachama wao nyumbani, kwa hivyo tunaichapa yote, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.

Safari iliyopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa, na nimefurahi kuona matanki mawili mapya pale nje. Leo nimeletewa swali gumu zaidi.

Swali lenyewe limetoka kwa mama mmoja ambaye ni mwanachama wa kikundi kimoja kati ya hivi vyenu. Amenipa ruhusa nilizungumzie bila kumtaja jina. Ana binti wa miaka tisa. Mtoto huyu amekohoa tangu akiwa mchanga. Anakula vizuri lakini hanenepi. Ametibiwa nimonia mara nyingi hata mama ameacha kuhesabu, akanywa dawa za TB miezi sita, na kikohozi kikabaki pale pale. Mwishowe daktari wa watoto jijini akampima jasho. Akamwambia mama kwamba hii si TB. Ni ugonjwa wa kurithi unaoitwa sistiki faibrosisi.

Mama akashukuru angalau jina limepatikana. Halafu akasikia kuna mzazi mwingine kwenye kliniki ile ile, naye ana mvulana mwenye ugonjwa huo huo. Akasema, vizuri sana, tutaanzisha kikundi chetu, watoto wacheze pamoja wajue hawako peke yao. Daktari akakataa. Akamwambia watoto hawa wawili wasikutane kabisa, na hata siku zao za kliniki atazitenganisha.

Basi mama akanijia na uchungu. Akaniambia, "Nyinyi mmetufundisha miaka yote kwamba mzigo ukibebwa na wengi ni mwepesi. Mbona mwanangu ananyimwa mwenzake?"

Nilimwambia daktari yuko sawa. Lakini kumwambia mtu "daktari yuko sawa" hakumsaidii mpaka aelewe sababu. Sababu yenyewe ni bakteria wa aina fulani, na jinsi wanavyoishi ndani ya mapafu ya watoto hawa. Nimekuja kuwaeleza habari za bakteria hao.

UGONJWA WENYEWE

Tuanze na ugonjwa, lakini sitakaa hapo sana. Nyinyi mnaotoka sehemu zenye siko seli, yaani selimundu, mtaelewa upesi, kwa maana unarithiwa kwa njia ile ile. Baba amebeba kasoro moja na hajui, mama amebeba moja na hajui, wote wazima kabisa. Kila mimba wanayopata, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapata zote mbili, na huyo ndiye atakayeugua. Hakuna aliyekosea. Mama hakula kitu kibaya akiwa mjamzito, na hakuna jirani aliyetupa jicho. Nasema hivi kwa sababu najua maneno yanayosemwa kisimani.

Kasoro hiyo huharibu milango midogo ambayo chumvi hupitia kwenye ngozi ya ndani ya mwili. Chumvi isipopita vizuri, maji nayo hayapiti, na ute wote wa mwilini unakuwa mzito kama gundi. Kwenye kongosho gundi hiyo inaziba, chakula hakisagiki, na mtoto anapata choo chenye mafuta na harufu kali. Kwenye jasho mambo ni kinyume: chumvi inamwagika nje. Mama akimbusu mtoto kwenye paji la uso anaonja chumvi.

Ugonjwa huu ulielezwa vizuri mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari mwanamke wa New York, Dorothy Andersen. Habari ya jasho ilikuja baadaye. Mwaka 1948 joto kali liliingia New York, na kati ya watoto walioletwa hospitali wakiwa wamezidiwa, kadhaa walikuwa na ugonjwa huu. Daktari Paul di Sant'Agnese akajiuliza kwa nini ni hao, na kufikia mwaka 1953 alikuwa ameonyesha kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Mpaka leo kipimo cha jasho ndicho kinachotegemewa. Kasoro yenyewe kwenye jeni ilipatikana mwaka 1989, kazi ya watafiti wa Toronto, Kanada, na wenzao wa Marekani.

Wengine wenu mmeanza kunong'ona kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hata vitabu tulivyosomea viliandika hivyo. Ni kweli una watu wengi zaidi Ulaya na Marekani. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti wa Afrika Kusini na Marekani walionyesha kwamba kuna kasoro ya jeni hiyo inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Kwa hivyo sisi pia tunao. Asiyepimwa hahesabiwi, na mtoto akifa ataandikwa nimonia.

MFEREJI ULIOZIBA

Sasa tuje kwenye mapafu, na hapa nitakaa kidogo.

Nyinyi mnaolima kwa mifereji mnajua kazi yake. Maji yakitembea, mfereji ni safi. Yakisimama, siku tatu tu unaona kijani, unaona mabuu ya mbu, unasikia harufu. Mapafu ni vivyo hivyo. Kila siku tunavuta vumbi, moshi na vijidudu. Njia za hewa zina ute mwepesi unaonasa uchafu huo, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea mchana na usiku na kuusukuma ute kwenda juu hadi kooni. Tunaumeza bila kujua. Hivyo ndivyo mapafu yetu hujifagia.

Mwenye sistiki faibrosisi ute wake ni mzito, vinyweleo vimelemewa, ufagio umenasa. Vijidudu vinavyoingia havitoki. Akiwa mdogo, mara nyingi anayeanza kukaa humo ni bakteria aitwaye stafilokokasi, yule yule anayetuletea majipu, na mwingine aitwaye hemofilasi. Hawa madaktari wamewazoea, na dawa zao zipo.

Baadaye huja mgeni mbaya zaidi, naye anaitwa Sudomonasi. Huyu si bakteria wa ajabu. Anaishi kwenye maji yaliyotuama, kwenye udongo, kwenye bomba la sinki, kwenye kitambaa kilicholowa. Mimi na wewe tunamvuta na tunamtoa siku hiyo hiyo, hatujui hata kwamba alipita. Kwa mtoto huyu anabaki. Siku za kwanza anaogelea peke peke, na akigunduliwa wakati huo anaweza kuondolewa. Akiachwa miezi na miaka, anabadilika. Anajitengenezea utelezi wake mwenyewe na kujifunika humo pamoja na wenzake, maelfu kwa maelfu.

Mmewahi kukanyaga jiwe la mtoni mkateleza? Ule utelezi juu ya jiwe ni mji wa vijidudu. Umwagie maji debe zima, hauondoki; ni mpaka usugue. Ndani ya mapafu huwezi kusugua. Dawa inafika juu ya utelezi, inaua wale wa nje, na wa ndani wanabaki salama. Askari wa mwili nao wanakuja kupigana, wanashindwa, wanafia pale pale, na mabaki yao yanazidi kuufanya ute uwe mzito. Vita hivyo vinachoma kuta za njia za hewa, zinatanuka na kulegea, na mahali palipolegea ute unatuama zaidi. Mtoto anakohoa makohozi mazito ya kijani. Anapata nafuu baada ya dawa, lakini kila mara nafuu inakuwa pungufu kidogo kuliko ile ya mwanzo. Wengi wa waliokufa kwa ugonjwa huu waliuawa na mapafu.

Ndiyo maana Wadenmaki, ambao katika jambo hili nawaheshimu kuliko wengine, walijiwekea utaratibu wa kuwaona wagonjwa wao kila mwezi na kupima makohozi kila mwezi, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Wanamtafuta Sudomonasi siku ya kwanza anapobisha hodi. Akionekana, dawa inaanza mara moja, nyingine ya kumeza na nyingine ya kuvuta kwa mashine ya mvuke. Kwa njia hiyo watoto wengi husafishika.

KAMBI ZILIZOFUNGWA

Zamani, huko Marekani, Kanada na Uingereza, watoto hawa walikuwa wakikutanishwa. Kulikuwa na kambi za likizo zao wenyewe, wanalala pamoja, wanaimba pamoja, wanagongana migongo ili makohozi yatoke. Mtoto ambaye shuleni anachekwa kwa kukohoa, pale alikuwa kati ya wenzake wote wanaokohoa. Wazazi walizipenda sana kambi hizo, na mimi naelewa kwa nini.

Kisha akatokea bakteria wa tatu, na wakulima mtashangaa alikotoka. Mwaka 1950 mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, Walter Burkholder, aliandika juu ya bakteria aliyekuwa akiozesha vitunguu vya wakulima wa jimbo la New York. Akampa jina la sepasia, kutoka neno la Kilatini la kitunguu. Naam, ugonjwa wa vitunguu! Mwaka 1984 madaktari wa Toronto wakatangaza kwamba bakteria huyo anaonekana zaidi na zaidi kwenye mapafu ya wagonjwa wao. Wengine walikaa naye miaka. Wengine, waliokuwa wakiendelea vizuri, walishikwa ghafla na homa na nimonia, na wakafa katika majuma machache. Dawa nyingi hazimgusi.

Watu wakauliza anapita njia gani. Katika kambi za mwaka 1990 za Marekani na Kanada walipima watoto kabla na baada. Kadiri kambi ilivyokuwa ndefu, na kadiri wenye sepasia walivyokuwa wengi humo, ndivyo hatari ya kurudi nyumbani na sepasia ilivyokuwa kubwa. Mwaka 1993 madaktari wa Edinburgh na Manchester wakaonyesha kwamba aina moja ya sepasia ilihama kati ya wagonjwa wa miji yao miwili kwa njia ya urafiki tu: kutembeleana, kufanya mazoezi pamoja, kwenda kambi pamoja. Mwaka 1996 ikaonekana huko Liverpool kwamba hata Sudomonasi wa aina moja sugu amesambaa kati ya watoto wa kliniki moja. Wenzao wa Copenhagen walikuwa wameshaanza kuwatenganisha wagonjwa tangu mwaka 1981, wenye Sudomonasi siku yao na wasio naye siku yao.

Kambi zikafungwa. Kuna waliolia, kuna waliokasirika. Vijana wengine walisema afadhali kufa na marafiki kuliko kuishi peke yao. Sitawacheka vijana hao, lakini ukweli haukubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kikohozi cha mgonjwa kinaweza kurusha Sudomonasi aliye hai umbali wa mita nne, na akakaa hewani dakika 45. Mwongozo wa Marekani wa mwaka huo huo unasema wagonjwa wawili wasikaribiane chini ya mita mbili, na wakiwa hospitalini wavae barakoa. Baada ya korona sote tunajua maana ya mita mbili. Wao walitutangulia.

Nataka neno hili lisikike mpaka nyuma kabisa: mtoto huyu si hatari kwenu. Wewe mwenye mapafu mazima ufagio wako unafanya kazi. Anaweza kwenda shule, kukaa darasani, kula na ndugu zake, kubebwa na nyanya yake. Anayemhatarisha, na anayehatarishwa naye, ni mtoto mwingine mwenye ugonjwa huo huo. Msije mkatoka hapa mkamtenga kwa jina langu.

WAZAZI WALIOUNDA KIKUNDI

Sasa turudi kwa lile neno la mzigo kubebwa na wengi. Watoto hawawezi kukutana, lakini wazazi wazima wanaweza, na ndicho walichofanya.

Mwaka 1955 wazazi wachache huko Marekani waliunda chama chao. Mwanzo wake ulikuwa kama wa vikundi vyenu, michango na minada na kupita mlango kwa mlango. Mwaka 1964 Waingereza wakaunda chao. Chama cha Marekani kilipokuwa na nguvu, kikafanya jambo la ujasiri: kikatoa pesa za michango kwa kampuni ya dawa ili itafute dawa inayorekebisha ile milango ya chumvi yenyewe, badala ya kufukuzana na bakteria tu. Kampuni ikapata. Dawa ya kwanza ilikubaliwa mwaka 2012. Mwaka 2014 chama kiliuza haki yake ya mapato kwa dola bilioni 3.3. Hebu mama mweka hazina ajaribu kuandika hizo kwenye daftari lake! Mwaka 2019 ikaja dawa yenye nguvu zaidi, mchanganyiko wa dawa tatu, na wapo vijana waliokuwa wakisubiri kupandikizwa mapafu ambao leo wanafanya kazi. Katika mwaka 1938 wengi wa watoto hawa hawakufika umri wa shule. Leo hesabu za Marekani zinatarajia mtoto anayezaliwa nao huko apite miaka 60.

Lakini mimi hapa nakunja uso. Bei iliyotangazwa ya dawa hiyo Marekani ni zaidi ya dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Michango ya watu wa kawaida iliisaidia kuzaliwa, na mtoto wa mtu wa kawaida wa Afrika haioni. Tena ile kasoro iliyo ya kwetu hasa, mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama haipati nafuu kutokana na dawa hiyo. Na kuna jambo la tatu ambalo linarudi kwenye somo letu. Waliopimwa makohozi baada ya kuanza dawa hiyo, idadi ya bakteria ilipungua sana, lakini wengi waliokuwa na Sudomonasi wa miaka mingi waliendelea kuwa naye. Mji ukishajengwa, hata maji yakianza kutembea tena, mawe bado yana utelezi. Kwa hivyo kumzuia asijenge ni kazi ya lazima kila mahali, na kwetu sisi ndiyo kazi kubwa, kwa sababu haihitaji dola 300,000.

KIJIJINI KWETU

Tufanye nini basi? Kwanza, mtoto au mtu mzima akikohoa majuma mawili, aende akapimwe TB. Hilo halijabadilika, na aliye kwenye dawa za TB asiache hata tembe moja kwa sababu ya hotuba yangu. Lakini mtoto aliyemaliza dawa na bado anakohoa makohozi, hasa kama hanenepi, choo chake kina mafuta, ana ngozi ya chumvi, au ndugu yake alikufa akiwa mdogo kwa kifua, huyo asirudishiwe dawa za TB mara ya pili na ya tatu bila kuulizwa zaidi. Kikundi kimsindikize mama mpaka hospitali kubwa yenye daktari wa watoto. Mama akienda peke yake mara nyingi husimama dirishani na kurudishwa. Wakiwa wawili, na mmoja anashika karatasi zote za zamani, watasikilizwa.

Pili, kifua kioshwe kila siku. Nimesema ute hausogei wenyewe, kwa hivyo lazima usogezwe. Kuna namna ya kupumua na kukohoa, na kuna kugonga kifua na mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali atamfundisha mama, na ingefaa afundishwe pia baba, shangazi na dada mkubwa, maana ni kazi ya asubuhi na jioni, maisha yote, hata siku ya msiba, hata siku ya soko. Hapa ndipo mama huchoka, na hapa ndipo majirani mnahitajika. Anayeweza kukimbia, akimbie. Kuruka kamba nako hutoa makohozi. Mvuke wa maji ya chumvi yaliyotengenezwa hospitali pia husaidia, na dawa hiyo ni ya bei nafuu ukilinganisha na zile nyingine.

Tatu, moshi. Mtoto huyu asikae jikoni penye kuni. Mlioanzisha mradi wa majiko yenye bomba la moshi, anzeni na nyumba hiyo.

Nne, dawa za kuua bakteria zitumike kwa kipimo na kwa siku zote zilizoandikwa, baada ya makohozi kupimwa inapowezekana. Kununua vidonge vinne dukani ni kumfundisha Sudomonasi ustahimilivu. Na chumvi: sisi wengine tunaambiwa tupunguze, yeye aongezewe kwenye chakula, zaidi wakati wa joto, na akiharisha apewe haraka maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Kuna na jambo la watu wazima ambalo nalitaja haraka. Wapo kati yetu waliopona TB kabisa lakini mapafu yalibaki na makovu na mifuko iliyotanuka. Asubuhi wanatoa makohozi nusu kikombe. Hao hawana sistiki faibrosisi, lakini mfereji wao nao umeziba, na Sudomonasi huweza kuwaingia vile vile. Kuosha kifua kunawafaa pia.

MASWALI

Mzee mmoja aliuliza kama ni hatari mtoto kufanya kazi kwenye shamba la vitunguu.
Jibu: Swali zuri, na si la mzaha. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipata kwenye udongo wa shamba la vitunguu la New York aina ile ile ya sepasia iliyokuwa imeambukiza wagonjwa. Kitunguu kilichopikwa hakina neno. Lakini asichambue vitunguu vilivyooza, asigeuze mbolea ya takataka, wala asifagie zizi lenye majani yaliyooza. Mpeni kazi nyingine. Kazi hazikosekani.

Mama mmoja aliuliza: hao wazazi wawili wakutane namna gani, kama watoto hawaruhusiwi?
Jibu: Wakutane wao wenyewe, watoto wabaki nyumbani, na wanawe mikono kwa sabuni. Watoto wazungumze kwa simu. Huko ng'ambo vijana hawa wana urafiki wa miaka mingi na hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Kijana mmoja aliuliza: kama ni ndugu wawili wa nyumba moja, wote wagonjwa?
Jibu: Hao hatuwezi kuwatenganisha, na hakuna anayewaambia wazazi wafanye hivyo. Lakini walale vitanda tofauti ikiwezekana. Kila mmoja aoshwe kifua kwa wakati wake, chumba kikiwa na dirisha wazi, na makohozi yatemewe kwenye kopo lenye kifuniko. Wasibadilishane kikombe, mswaki wala kipande cha mdomoni cha mashine ya mvuke. Makohozi ya kila mmoja yapimwe peke yake, kwa maana mmoja anaweza kuwa na Sudomonasi na mwingine bado. Watoto wengine wa nyumba hiyo nao wapimwe jasho, hata wasiokohoa.

Aliyeuliza mwisho alitaka kujua jinsi ya kuosha mashine ya mvuke pasipo umeme wala maji ya bomba.
Jibu: Vikombe vyake vioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumiwa, halafu vile vinavyoruhusiwa kuchemshwa vichemshwe kwenye sufuria dakika tano baada ya maji kuanza kutokota. Visisuuzwe tena kwa maji ya mtungi, na visifutwe kwa kitambaa cha jikoni. Vianikwe juu ya kitambaa safi kilichokauka, vifunikwe nzi wasitue, na visitumiwe tena mpaka viwe vimekauka kabisa, kwa maana Sudomonasi anapenda unyevu kuliko kitu kingine chochote.